Salamu kwa Muuza Pai

Avril Scutt alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Hakunywea kikombe cha mtu, hakukalia kiti chenye joto la makalio ya mwingine, na ndani ya basi alishika nguzo kwa leso. Kwa hiyo siku ya kwanza alipopanda ngazi za Redio Smallgains, juu ya duka la mazulia hapa Kisiwani Canvey, mashariki kidogo ya London, akaiona sponji nyeusi iliyovishwa kwenye maikrofoni na kuinusa, alitaka kugeuza njia arudi kwake. Sponji ilinuka kahawa, sigara, vitunguu, na kitu kingine ambacho hakutaka hata kukijua. Kesho yake alirudi na sponji yake mwenyewe, ameitia katika kimfuko cha plastiki cha kuhifadhia nyama, na tangu hapo alikwenda nayo na kurudi nayo. Wenzake walimcheka. Aliwaambia wacheke tu, kucheka si ugonjwa, ugonjwa ni mate ya watu.

Redio yenyewe ilikuwa ya mtandaoni, ya burudani tupu. Haikuwa na mnara wala masafa, na hakuna aliyelipwa hata nauli. Wote walikuwa wa kujitolea: mstaafu wa posta aliyependa muziki wa dansi, mwanamama aliyesoma nyota za watu, na vijana wawili waliobishana juu ya mpira mpaka sauti zikakauka. Kuta zilibandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Kwenye kona ya skrini palikuwa na namba ndogo ya kijani ya kuonyesha wasikilizaji waliopo, na siku nyingi vidole vya mikono vilitosha kuwahesabu, vya miguu vikabaki na kazi yao ya kutembea.

Mmoja wa wasikilizaji hao Avril alimjua siku zote. Alikuwa Cliff, mumewe, amekaa jikoni na tableti imeegemezwa kwenye buli la chai. Avril alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye swichibodi ya hospitali, akiunganisha simu za watu wenye hofu, na sauti yake ilikuwa ya kumtuliza hata mbwa. Alipostaafu, nyumba ikapwaya. Cliff ndiye aliyemwambia, "Nenda ukaongee na watu, Avi. Mimi maneno yangu umeshayamaliza." Basi kila Jumanne alasiri alipiga nyimbo za zamani, na kila Jumanne Cliff aliandika ujumbe uleule kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto: "Cliff wa Canvey anaomba wimbo wowote kwa mke wake, ila usiwe mrefu, chai inapoa." Avril aliusoma hewani bila kucheka, kana kwamba huyo Cliff hamjui wala hajapata kumwona.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya karaha, maana Jumamosi alimsaidia Dean.

Dean Maddocks alikuwa fundi wa kufunga makabati ya jikoni, na kwa makabati hana mfano, tumpe haki yake. Baba yake alikuwa daktari wa meno, mama yake alifundisha piano, na utotoni hakuna aliyepata kumkaripia zaidi ya mara moja kwa wiki. Lakini Jumamosi mchana alivaa suti nyeusi na tai nyembamba, akajipaka mafuta ya nywele mpaka kola ikang'aa, akaishusha sauti hadi kooni na kujiita Deano, mwenye kipindi cha Kona ya Majambazi. Saa nzima ya filamu za majambazi wa London, na katikati ya maneno kengele ya kipindi, sauti yake mwenyewe ikinguruma: "Kona ya Majambazi! Hapa hakuna anayesemea mwenzake!"

Filamu zenyewe, ukiona moja umeona zote. Kuna wanaume wenye vipara na makoti marefu wakitembea polepole kana kwamba viatu vinawabana. Kuna ghala, kuna kiti, na kwenye kiti kuna mtu amefungwa. Wimbo mtamu wa zamani unapigwa, wa kuchezea harusini, na huku wimbo unaendelea yule mtu anavunjwa. Na lazima awepo mama. Jambazi akishamponda mtu magoti, huenda kunywa chai kwa mama yake, akafuta viatu mlangoni, na watazamaji wakaambiana, "Unaona? Ana moyo." Avril alizitazama kwa sababu ilikuwa kazi yake kumwandikia Dean majina ya waigizaji, na alizitazama kama mtu anayesafisha choo cha jirani, uso kando.

Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Hawakumjua Dean. Wala hawakutujua sisi wa Canvey, ambao wazee wetu karibu wote walihamia hapa kutoka mashariki ya London, na kila mmoja ana shangazi aliyewahi kubebewa kapu na jambazi. Ukikaa baa utasikia nyimbo zilezile: siku zile milango haikufungwa; wale watu waliheshimu wanawake; waliumizana wenyewe kwa wenyewe. Avril akisikia hayo hukaza midomo. Milango haikufungwa kwa sababu ndani hamkuwa na kitu.

Kwenye kipindi cha Dean, kazi yake nyingine ilikuwa meseji. Zilifika kwanza kwenye skrini ya Avril, akazipima, akabonyeza kitufe, zikaruka hadi kwa Dean upande wa pili wa kioo. Na Dean, kwa furaha ya kupata msikilizaji, alizisoma palepale, mdomo ukitangulia macho. Siku moja Avril alikwenda msalani, kitufe akashika mwingine, na kisiwa kizima kikamsikia Deano akisoma kwa sauti ya kijambazi: "Dean, ukija pitia dawa ya kuzibua choo, na usijifanye umesahau kama juzi. Mkeo." Avril alimwonya asome kwanza kimya. Dean alimwambia redio ni moto, mamaa, ukiusubiri unazimika.

Sasa habari ya mkono wa Cliff.

Kisiwani wote waliujua mkono ule wa kulia, uliokunjamana na kung'aa kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, vidole viwili vimegandana. Cliff aliuweka mfukoni. Aliyeuliza alijibiwa kwamba zamani alikuwa anapika pai katika duka moja la Poplar, kulekule mashariki ya London, akateleza, akaegemea oveni. Watu walisema pole, wakaagiza bia nyingine.

Hakuteleza. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mchumba wa Avril, aliyekanda unga tangu alfajiri na mchana akawauzia wabeba mizigo pai na viazi vya kuponda na ule mchuzi wetu wa kijani. Katika mtaa ule alikuwapo Ted Braddle, aliyeitwa Muungwana Ted kwa kuwa alivua kofia mbele ya wanawake. Mchana mmoja mtu alipigwa gerejini hadi akapoteza jicho, na Ted akawaambia polisi kwamba saa hiyo yeye alikuwa amekaa dukani kwa Cliff anakula. Polisi wakaja kuuliza. Cliff hakuwa shujaa wala hakuwa mbea. Alikuwa tu hajui kusema uongo. Akawajibu, "Hapana, hakuwepo." Maneno mawili.

Ted alikuja na wenzake watatu. Walifunga mlango, wakaongeza sauti ya redio iliyokuwa juu ya rafu, wakamshika Cliff mkono na kuubandika kwenye sakafu ya oveni. Wateja wawili waliokuwa wakila waliendelea kutazama sahani zao. Hospitalini Cliff alisema ameteleza, muuguzi akaandika kuteleza, na kila mtu akajua na hakuna aliyejua.

Aliyejua kweli ni Avril peke yake, naye aliapishwa. Cliff alimwambia ukweli mara moja tu, kwenye korido, mkono ukiwa umefungwa bandeji. "Apa kwa mama yako, Avi, hutamwambia mtu." Avril alidhani ni kwa kumwogopa Ted. Cliff alitikisa kichwa. "Nililia. Niliwaomba kama mtoto. Niliita mama. Sitaki mtu ajue nilivyoomba." Wakaoana, wakahamia kisiwani, na Cliff hakukanyaga tena duka la pai. Harufu ya siki, ile inayomwagiwa pai, ikija na upepo, alivuka barabara.

Basi ikatoka filamu mpya, Mtaa Wetu, Sheria Yetu, juu ya maisha ya Muungwana Ted. Ted mwenyewe alikuwa hai, ana miaka themanini na ushei, na jina lake liliandikwa mwanzoni kabisa kuwa mshauri wa ukweli wa mambo. Dean aliipata mapema, akawakusanya watu wa redio chumba cha nyuma, akagawa krispi za vitunguu, akazima taa.

Katikati ya filamu likaja duka la pai.

Avril alilijua kabla hajaliona vizuri. Marumaru nyeupe, vigae vya kijani, redio juu ya rafu. Muuza pai alikuwa kijibwana kinene mwenye jasho, mwenye macho ya panya, na ilielezwa kwamba ameiba sanduku la michango ya watoto wa kuli aliyekufa gatini. Ted wa kwenye filamu, kijana mzuri kweli, akavua koti na kulikunja vizuri. Wimbo mtamu ukaanza. Mkono ukaingia ovenini, na yule kijibwana akapiga kelele, "Mama! Mama wee! Nisameheni!" kwa sauti nyembamba ya kuchekesha. Chumba kizima kikaangua kicheko. Dean alipiga paja. "Mwizi wa yatima! Mpike huyo!" Krispi zikamruka mdomoni.

Avril alitoka, akashika ukingo wa sinki ambalo siku nyingine asingeligusa kwa kidole, akatapika. Hata ule uchafu wa sinki hakuuona. Kilichomtia kinyaa kilikuwa kule chumbani, kinacheka na kuomba maji ya matunda.

Nyumbani alimkuta Cliff anamenya viazi, ameshikilia kiazi kwa kiganja kibovu na kisu kwa kizuri. Cliff alimwangalia mara moja.

"Yumo muuza pai?" akauliza.

"Nani kakwambia?"

"Niliona kipande chake kwenye tableti. Wamenifanya mwizi, eti?"

Avril aliketi bila kuvua koti. "Wa yatima."

Cliff alimenya kiazi hadi kikabaki kama yai la njiwa. "Na kulia? Wameweka?"

"Cliff, niache niseme. Jumanne, kwenye kipindi changu. Dakika moja tu, niwaambie ukweli."

"Uliapa."

"Niliapa nikiwa msichana mjinga! Wanakucheka mume wangu huku wanatafuna krispi!"

"Wanamcheka yule mnene. Ukisema, watanicheka mimi." Akatumbukiza kiazi sufuriani. "Yaache, Avi. Kisiwani hapa mimi ni mtu aliyeteleza. Nimeshazoea kuteleza."

Avril akayaacha. Na wiki ile ile Dean alimpigia simu, sauti imemruka kutoka kijambazi hadi ya mtoto wa mwalimu wa piano. Muungwana Ted amekubali! Anakuja mwenyewe, Jumamosi, moja kwa moja hewani! Avril alijibu kwamba Jumamosi atakuwa na mafua.

"Nenda," alisema Cliff. "Usipokwenda wataanza kuuliza kwa nini."

"Nikae chumba kimoja na lile?"

"Kuna kioo katikati, si umesema?"

Akaenda. Ngazi zilijaa watu waliokuja kupiga picha, na mwanamama wa nyota alikuwa amepaka rangi ya midomo. Ted alikuwa kikongwe safi, amenyolewa, kiatu kinang'aa, ananukia sabuni ya waridi. Avril alikuwa amejiandaa kuona shetani, akakuta mtu wa kumpisha kiti. Hilo ndilo lililomchafua moyo zaidi. Ted alivua kofia, akauchukua mkono wa Avril kabla hajauficha, akaubusu. Midomo ilikuwa na umajimaji.

"Dada yangu, unatoka wapi wewe? Hiyo lafudhi si ya kisiwani."

"Poplar."

"Ala! Mtu wa nyumbani!" Akamgeukia Dean. "Unaona? Wanawake wa Poplar hawazeeki."

Avril alikwenda kuusugua mkono kwa sabuni. Aliporudi upande wake wa kioo, aliona jambo lililomfanya akaribie kupiga kelele. Dean alikuwa amefungua mkoba wa Avril, akatoa sponji yake safi, akaivisha kwenye maikrofoni ya mgeni.

"Usinune, mama Avril," Dean alisema kupitia hedfoni, huku akikonyeza. "Mgeni wa heshima hawezi kupewa ile inayonuka."

Kipindi kikaanza. Namba ya kijani ilipanda kuliko Avril alivyopata kuiona. Ted alisimulia vizuri, lazima isemwe. Alijua pa kunyamaza na pa kuvuta pumzi. Alisimulia zawadi za sikukuu alizowapa watoto wa mtaa. Alisimulia mama yake na keki zake. Dean alicheka kila baada ya nukta, "Mzee! Mzee wewe!" na mate ya Ted yaliendelea kuingia katika sponji.

"Sasa ile ya duka la pai," alisema Dean. "Watu wanaulizana. Ni kweli au ni chumvi za filamu?"

"Kweli tupu, mwanangu. Mtu aliwaibia yatima. Polisi wangemfanya nini? Wangempa chai. Sisi tulimpa onyo."

"Onyo la moto!"

"Onyo la moto," Ted alikubali kwa upole. "Na alivyolia! Waigizaji wale wamejitahidi, lakini hawakumfikia. Alilia kama nguruwe aliyebanwa na geti. Aliita mama yake hadi majirani wakadhani kuna mtoto mle ndani."

Wakacheka wote wawili. Mbele ya Avril palikuwa na maikrofoni yake ndogo ya kumwambia Dean muda umekwisha, na kitufe cha kuirusha hewani kilikuwa chini ya kidole. Alikigusa, akakiachia. Kiapo hakikuwa chake kukivunja. Jikoni kwake kulikuwa na mtu ameegemeza tableti kwenye buli la chai, na mtu huyo alikuwa amesikia "nguruwe".

Meseji zilikuwa zinamiminika. Deano wewe mfalme. Msalimie mzee Ted kutoka Benfleet. Muulize kama ameoa. Kisha, katikati yao, ikatokea: "Cliff wa Canvey."

Avril alitazamia wimbo na chai inayopoa. Akaisoma. Akaisoma tena, mkono umeziba mdomo. Ingemchukua Cliff karibu kipindi kizima kuyaandika yale kwa kidole kimoja, kwa hiyo alikuwa ameanza kabla Ted hajafika kwenye pai. Alikuwa ameamua tangu asubuhi na hakumwambia.

Akabonyeza kitufe.

"Na tunaye msikilizaji wetu wa siku zote!" alinguruma Dean, mdomo mbele, macho nyuma. "Cliff wa Canvey! Anasema: Muuza pai ni mimi. Sikuiba sanduku la yatima, wala halikuwepo sanduku. Niliwaambia polisi Ted Braddle hakuwepo dukani, kwa sababu hakuwepo. Nililia, ni kweli, na niliomba, ni kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku ile mliongeza sauti ya redio ili nisisikike. Leo redio ni... ni ya mke wangu. Sitaki wimbo."

Sauti ya kijambazi ilikuwa imemwisha Dean kwenye mstari wa pili. Mistari ya mwisho aliisoma kama mtoto darasani. Akainua macho kumtazama Avril kupitia kioo, uso umemshuka, kisha akamgeukia mgeni.

Ted alikuwa anafikiri. Hakuwa na hasira wala haya. Alikuna kidevu chake kilichonyolewa vizuri, kama mtu anayetafuta jina la hoteli aliyolala zamani.

"Muuza pai," alisema. "Ni yupi huyo, wa Poplar au yule wa Bow? Maana walikuwa kama wawili watatu hivi."

Na Dean akacheka. Kicheko kilimtoka kama chafya, huenda bila kutaka, lakini kilitoka na kikasikika hadi jikoni kwa Cliff.

Avril akabonyeza maikrofoni yake. Sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya swichibodi.

"Wa Poplar. Ni mume wangu."

Ted aliinamisha kichwa kwa heshima upande wa kioo. "Oo, pole, dada. Ujana ule, we acha tu. Mwambie Ted anamsalimu."

Avril alishusha sauti ya maikrofoni zote, moja baada ya nyingine, mpaka chini. Redio ikanyamaza. Kwa watu wa redio hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo, na Dean alianza kupiga kioo kwa viganja, mdomo unafunguka na kufumbika bila sauti. Kimya kikapita kiasi ambacho mashine inavumilia, kisha mashine yenyewe ikaamka na kupiga kengele ya kipindi: "Kona ya Majambazi! Hapa hakuna anayesemea mwenzake!"

Avril alivaa koti. Aliingia upande wa pili, akaivuta sponji yake kwenye maikrofoni kwa ncha za vidole viwili, pua ya Ted ikiwa karibu kabisa; sponji ilikuwa imelowa mate. Akaitupa pipani juu ya maganda ya krispi. Watu wa ngazini walimpisha.

Dean alimkimbilia hadi mlango wa duka la mazulia, tai imekaa begani.

"Mama Avril! Mama, subiri! Umeona ile namba? Haijapata kufika pale tangu redio izaliwe! Simu zinalia! Na mzee Ted hana kinyongo hata kidogo, anasema tumlete mzee Cliff Jumamosi ijayo. Wakae wote wawili, wayamalize kiume, washikane mikono hewani!"

"Washikane nini?"

"Mikono, ma—"

Avril alimtazama mpaka akayasikia maneno yake mwenyewe. Ilichukua muda, lakini aliyasikia. Akageuka kuwatazama watu wa mazulia kana kwamba wao ndio waliosema.

Nyumbani, Cliff alikuwa amesimama kizingitini, amevaa koti na kofia.

"Umesikia?" Avril aliuliza.

"Nimesikia. Hanikumbuki."

"Cliff, mume wangu."

"Miaka yote hii nilidhani angalau tuko wawili, mimi na yeye, tunaoikumbuka ile siku." Akafunga mlango nyuma yake. "Nina njaa ya pai, Avi."

Walitembea taratibu hadi duka la pai lililo karibu na ukuta wa bahari. Avril hakuwahi kuingia humo, kwa ajili ya Cliff. Meza zilikuwa za marumaru, na ukuta mzima ulijaa picha za majambazi katika fremu, wenye makoti, wenye vipara, wenye mama zao, kila mmoja ameweka sahihi kwa wino mweusi. Muungwana Ted alikuwa juu ya mtungi wa siki, amevua kofia. Avril alitaka watoke. Cliff alikuwa ameshaketi.

Mwenye duka, jibaba lenye michoro shingoni, alileta sahani mbili mwenyewe, pamoja na vijiko na uma, maana pai yetu hailiwi kwa kisu. Cliff alitoa mkono wa kulia mfukoni na kuulaza juu ya marumaru, wazi, kwenye mwanga wa dirisha. Jibaba liliuona. Likaweka sahani polepole.

"Mzee, samahani. Huo mkono, ajali?"

"Hapana," alisema Cliff. "Mtu alinichoma. Yule pale, juu ya siki."

"Muungwana Ted?" Macho yalimtoka jibaba, na ilikuwa furaha, furaha tupu. "We mzee! Unamjua Muungwana Ted? Ana kwa ana? Mimi nimetafuta sahihi yake mwaka mzima, hiyo nimeinunua tu mtandaoni. Wewe alikupa?"

Avril alisukuma sahani yake. Cliff alimshika kiwiko asinyanyuke. Kisha akauinua mkono wa kulia, akaugeuza upande wa kiganja, akauweka karibu na uso wa jibaba ili aone vizuri.

"Alinipa," alisema. "Hii hapa. Ya kwangu ni halisi."

Akaushusha, akauacha palepale mezani, akamwomba mkewe ampitishie siki.